Furaha Iliyomwangusha Adventina

Lori la wakimbizi wanaorejea liliposimama Kobero, mpakani mwa Burundi, Adventina alikuwa wa kwanza kuruka chini. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, kifurushi kimoja kichwani na jina moja mdomoni: Urbano. Nchi hii aliitoka akiwa mtoto, akivutwa mkono na mama yake katika mbio za vita zilizoikata familia vipande viwili. Mama na binti wakatokezea Kahama, Tanzania. Urbano, kaka mtu, akabaki kwa bibi kwenye kilima kimoja cha Muyinga. Mama alizikwa hukohuko Kahama. Sasa vita vilikuwa vimekwisha, redio zilikuwa zikisema rudini nyumbani, na Adventina alikuwa amerudi.

Akapenya katikati ya wapagazi na wabadilisha fedha, akitazama sura moja baada ya nyingine. Mara akaona, karibu na kizuizi cha forodha, kijana mrefu mwenye masikio yaliyochanua kama majani ya boga. Masikio ya baba yale! Yule kijana naye akamwona, akapiga kelele, "Adve! Adve wetu!"

"Kaka!" akaitikia Adventina, akaanza kukimbia. Furaha ikampanda kutoka tumboni hadi kifuani, na ilipofika shingoni magoti yakamkunjika kama nguo iliyodondoka kambani. Akaenda chini mzimamzima.

Watu wakamzunguka. Mmoja akasema jua limempiga, mwingine akasema njaa hiyo, tangu asubuhi kwenye lori. Adventina alikuwa akiwasikia wote. Alisikia hadi kokoto zilizomchoma shavuni, alisikia machozi ya Urbano yakimdondokea mkononi. Alitaka kusema, "Kaka, usilie, nimefurahi tu," lakini ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Baada ya muda mfupi nguvu zikarudi zenyewe, kama zilivyoondoka. Akaketi, akacheka, Urbano akacheka, na wote wakakubaliana kwamba ni uchovu wa safari.

Haukuwa uchovu wa safari.

Kilimani kwa Urbano, Adventina alipokewa kama malkia. Alipewa chumba, alipewa jembe, alionyeshwa mpaka wa shamba na mibuni ya babu iliyokuwa bado inazaa. Alifanya kazi kwa moyo wote, lakini usingizi ulikuwa ukimvizia kama mwizi. Angeinama kupalilia maharage, na wifi yake, mke wa Urbano, angemkuta amesimama wima, kidevu juu ya mpini wa jembe, anakoroma. Usiku alilala vizuri. Mchana alilala tena. Wakati mwingine, usingizi ukimchukua adhuhuri, aliona ng'ombe mweusi akiingia chumbani na kumpumulia usoni, naye hawezi kuinua hata kidole. Alipozinduka hakukuwa na ng'ombe wala kwato. Jambo hilo hakumwambia mtu. Tayari majirani walikuwa wakinong'ona kwamba Tanzania huwa wanafundishwa uvivu.

Halafu kulikuwa na hili la kuanguka. Akiudhika, haanguki. Akiogopa, haanguki. Alipopita na ndoo ya maji kwenye utelezi mbaya wa kilima, miguu ilikuwa imara kama ya mbuzi. Lakini mtu akimchekesha kwa ghafla, shingo inalegea, taya linaning'inia, magoti yanakwenda. Na Adventina, Mungu alimjalia mkosi gani, alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka kwa mdomo wazi na mabega yote mawili, na kicheko chake kiliwaambukiza hata waliokuwa na msiba.

Miaka ikapita, shule zikaanza kufundisha Kiswahili, na walimu wanaokijua hawakuwa wengi. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani alimsikia Adventina akiongea sokoni, akamwendea papo hapo. "Dada, hicho Kiswahili umekitoa wapi?" Wiki iliyofuata Adventina alikuwa mbele ya darasa, chaki mkononi. Hakuwahi kupenda kitu kama alivyoipenda kazi ile. Watoto walimpenda pia. Ili asisinzie alifundisha akitembea, akipiga makofi, akiimbisha maneno.

Siku moja alikuwa akifundisha vinyume. Mrefu, mfupi. Lia, cheka. Akauliza, "Na kinyume cha kicheko ni nini?"

Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono hadi akakaribia kung'oka bega. "Mimi, Mwalimu! Kinyume cha kicheko ni mwalimu mkuu!"

Na mwalimu mkuu mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, uso umekunjamana.

Adventina alijitahidi. Aliuma mdomo, alifikiria vifo, alifikiria kaburi la mama. Haikufaa. Kicheko kikalipuka na papo hapo akaporomoka juu ya meza, chaki zikatawanyika, akateleza hadi sakafuni. Watoto wakakimbilia nje wakipiga mayowe.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimsaidia kukaa, akamletea maji, akasema kwa upole, "Mwalimu, watoto wameogopa, na wazazi watasikia leo hii hii. Nenda kwanza ukatibiwe. Darasa lako nitalishika mimi."

Basi akaenda kwenye kituo cha afya. Kirundi chake kilikuwa bado kile alichoondoka nacho utotoni. Kilitosha kuomba chumvi na kusalimia wazee, lakini kueleza jambo la ajabu kama lile kilimshinda. Alisema tu, "Naanguka." Na mtu anayesema anaanguka, tena mbele ya watu, huambiwa ana kifafa. Wakampa vidonge vya kifafa. Akavinywa kwa uaminifu. Vikamwongezea usingizi juu ya usingizi, na kuanguka kukabaki palepale.

Neno kifafa lilipanda kilima haraka kuliko moto wa nyasi. Kwenye sherehe, pale watu walipozunguka mtungi wa pombe ya mtama kila mmoja na mrija wake, Adventina alimiminiwa ya kwake pembeni, kwenye kikombe cha plastiki. Hakuna aliyemtukana. Kikombe chenyewe kilitosha.

Mmoja tu alikuja kuketi pembeni naye, na kikombe chake cha plastiki pia. Huyo aliitwa Kastori, fundi seremala aliyetengeneza madawati ya shule. Kastori alikuwa bingwa wa vichekesho katika kata nzima. Aliweza kumwigiza padri, mbuzi na askari wa forodha kwa pumzi moja. Aliwahi kumwangusha Adventina mara tatu katika siku moja, kabla hajaelewa kinachotokea. Alipoelewa, aliogopa sana. Na tangu hapo, mtu yule akajifunza kuwa mkavu. Alipomposa Adventina, alimposa kwa sauti ya mtu anayetangaza bei ya mbao.

"Nakupenda, nataka nikuoe," alisema akiangalia chini, "na sitakuchekesha."

Adventina alilia siku ile. Alikuwa amempendea nini Kastori kama si kicheko? Sasa ndiye aliyekuwa akikizima kama mtu anavyopuliza taa.

Mama yake Kastori alitaka harusi ingoje. "Ngojeni huo ugonjwa uondoke," alisema. Lakini Kastori hakungoja. Siku ikapangwa, na Adventina akapelekwa kwa fundi cherehani maarufu wa soko la Muyinga, Mama Mwajuma.

Mama Mwajuma alikuwa mwanamke wa Kiislamu, mzaliwa wa Gitega, mtaa wa Yoba, aliyeolewa Muyinga akaja na cherehani yake na mdomo wake. Alimsimamisha Adventina kwenye kigoda, pini kumi midomoni, akimzungusha huku na huku. "We mwalimu," alisema kupitia pini, "usinenepe mbele ya harusi. Mi nilishonea bibi-harusi moja, siku ya ndoa nguo ikagoma. Tulimuingiza ndani kama vile muhogo ndani ya chupa."

Adventina akaona ule muhogo. Akaenda chini, kigoda upande huu, yeye upande ule, pini zikimchoma kiunoni.

Mama Mwajuma hakupiga mayowe. Aliketi sakafuni, akakichukua kichwa cha Adventina akakiweka mapajani, akangoja. Nguvu ziliporudi akamuuliza, "Unanisikia wakati uko chini?"

"Nasikia kila kitu, Mama."

"Na walikuambia ni kifafa?"

"Ndiyo."

"Ulimuambia muganga kama unasikia? Ulimuambia ni kicheko inakuangusha?"

Adventina akatikisa kichwa. Hakuwa amemwambia mtu. Kusema kwamba furaha inamwangusha aliona ni kujitia wazimu juu ya kifafa.

"Mficha maradhi, kifo kinamuumbua," akasema Mama Mwajuma. "Pale Gitega iko dogiteri moja amerudi kutoka Ulaya, anatibu mishipa ya kichwa. Dada yangu alikuwa anaumwa na kichwa, alimutazama. Lundi tunaenda, mi na we. Mashine itapumzika."

Jumatatu wakaenda. Adventina alilala kutoka Muyinga hadi Gitega, kichwa begani kwa Mama Mwajuma, na alipoamka walikuwa Yoba, dada yake Mama Mwajuma akiwakaribisha chai na mandazi. Kesho yake asubuhi wakawa wameketi kwenye benchi la hospitali, pamoja na wagonjwa wengine wengi.

Daktari Longino alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kisogo. Alimwambia aketi kitandani miguu ining'inie. Akachukua kinyundo kidogo cha mpira, akagonga chini ya goti. Mguu ukaruka. Akagonga wa pili. Ukaruka pia. Akamulika macho, akamtembeza kwenye mstari, akampima nguvu za mikono. Kisha akauliza kwa Kirundi, na Adventina akaanza kubabaika.

Daktari akatabasamu. "Umekulia wapi?"

"Kahama."

"Mimi nilikulia Kigoma," akasema, sasa kwa Kiswahili kilichonyooka. "Nami nilirudi nikiwa mtu mzima. Basi niambie kwa lugha unayoota nayo. Usiniambie ugonjwa unaitwaje. Niambie unaanguka ukiwa unafanya nini."

Ni kama mtu aliyefungua mlango wa zizi. Adventina akasema. Alisema habari za Kobero na kokoto, habari za kinyume cha kicheko, habari za muhogo ndani ya chupa. Alisema kwamba hasira haimwangushi wala hofu. Daktari alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa amesogeza kiti hadi magoti yao yakakaribia kugusana.

"Na usingizi?"

"Unanichukua hata nikiwa nimesimama."

"Unapokuchukua, huwa unaona vitu? Mtu chumbani, mnyama, nawe huwezi kujitikisa?"

Adventina akajivuta nyuma. Habari za yule ng'ombe hakuwa amemwambia hata Urbano, hata Kastori. "Nani amekuambia habari za ng'ombe?" akauliza kwa mnong'ono.

"Hakuna aliyeniambia!" Daktari akasimama, akaketi, akasimama tena. Macho yalimng'aa kama ya mtoto aliyesikia ngoma. "Dada, nadhani najua. Lakini nataka nione kwa macho yangu. Je, unaweza kuanguka sasa hivi? Yaani, unaweza kucheka?"

Hapo likawa jambo. Nani anaweza kucheka akiamriwa? Adventina akajaribu, ikatoka sauti kama ya kuku anayekabwa. Daktari akasimulia kisa cha profesa wake na mwavuli, kirefu, na mwisho wake aliusahau. Mama Mwajuma akajaribu tena ule muhogo, lakini muhogo ulikuwa umepoa. Daktari akafungua mlango akaita, "Matata! Njoo!"

Akaingia muuguzi, baba mmoja mnene wa makamo, amebeba trei, uso mzito kama mtu aliyetoka kuzika.

"Matata," akasema daktari, "mchekeshe huyu dada. Haraka, ni matibabu."

Matata akaitazama trei. Akamtazama daktari. Akamtazama Adventina kwa muda, kama anayetafuta mshipa. Kisha akasema polepole, kwa huzuni ya kweli, "Dogiteri, samahani. Mi sijuwi kuchekesha. Mi niko mutu ya kuchoma shindano."

"Basi muchome!" akadakia Mama Mwajuma. "Pengine atacheka!"

Matata, mtu mtiifu, akanyoosha mkono kuchukua sindano.

Adventina hakuona kingine. Kicheko kikamtoka chote kwa mpigo, shingo ikalegea, kidevu kikagonga kifua, na mwili wote ukamwagika. Mama Mwajuma na Matata wakamdaka, wakamlaza kitandani. Naye Daktari Longino tayari alikuwa na kinyundo mkononi. Akagonga chini ya goti. Mguu haukuruka. Akagonga tena. Hakuna. Goti la pili: hakuna, kama anagonga gunia la mchele.

"Angalieni!" akapiga kelele. "Dakika chache zilizopita miguu hii ilirukaruka! Dada, unanisikia? Najua unanisikia. Sio kifafa! Narudia, sio kifafa! Una narkolepsi, na huku kuanguka kunaitwa katapleksi, na wewe si wa kwanza duniani wala huna wazimu!"

Adventina, kope nzito, mdomo umelegea, aliyasikia yote hayo akiwa hawezi kusema lolote, na furaha yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba ilimshikilia chini kwa muda zaidi. Kila mara alipokaribia kuinuka, alikumbuka lile neno "sio kifafa", akalegea upya. Mama Mwajuma alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Wagonjwa wa kwenye benchi walikuwa wamejaa mlangoni. Matata peke yake ndiye aliyebaki vilevile, sindano mkononi, akiuliza kama achome ama asichome.

Alipoweza kuketi, daktari alimweleza bila kuharakisha. "Tunapoota ndoto, ubongo huufunga mwili kwa kufuli, tusije tukainuka na kukimbia tukiwa usingizini. Kwa watu wote kufuli hilo hufanya kazi usiku. Kwako linateleza. Linajifunga mchana, na kinacholisukuma komeo ni furaha. Ndiyo maana unasikia lakini hujitikisi. Na ndoto nazo zinakuja kabla hujalala sawasawa. Ndiye yule ng'ombe wako."

"Linapona?"

"Haliponi," akasema daktari, na hakuangalia pembeni. "Kuna mashine za kupima usingizi, sisi hatuna. Lakini nililoliona leo linanitosha kuanza. Vile vidonge vya kifafa tutavipunguza kidogokidogo, usiviache kwa mara moja. Utalala kidogo kila mchana, kwa saa ileile, kama unavyokula. Na nitakupa kidonge hiki. Kwa kawaida tunawapa watu waliozidiwa na huzuni."

Mama Mwajuma akaruka. "Ati nini? Dawa ya huzuni, ya kuzuia furaha isimuangushe? Mungu wangu, mi sijaona!"

"Nami nilishangaa niliposoma hivyo," akasema daktari. "Lakini inafanya kazi."

Njiani kurudi Muyinga Adventina hakulala hata kidogo. Alitazama vilima vya Karuzi vikipita, akilitamka lile jina jipya kimoyomoyo, kama mtu anavyotamka jina la mtoto mchanga. Alikuwa na ugonjwa. Ulikuwa na jina. Wengine walikuwa nao. Ajabu, hakuwahi kujihisi mzima kama siku ile.

Dawa haikufanya miujiza kwa siku moja. Ilimkausha mdomo na kumpa kizunguzungu, na mara mbili alianguka kama zamani akakata tamaa. Lakini mwezi ulipokuwa ukiisha, jogoo wa wifi yake alimfukuza Urbano hadi akapanda juu ya tangi la maji, Adventina akacheka, akacheka hadi mbavu zikamuuma, na alipotazama chini akakuta amesimama. Alikuwa amesimama kwa miguu yake! Akapiga mbio kilima kizima hadi karakana ya Kastori.

"Nichekeshe!" akasema akihema.

Kastori akaacha randa. "Hapana."

"Nichekeshe, Kastori. Nakuamuru."

Maskini Kastori! Alikuwa amekaa mkavu kwa muda mrefu, alikuwa amepata kutu. Akamwigiza padri, akatoka kama mbuzi. Akamwigiza mbuzi, akatoka kama hakuna kitu. Akakwama katikati, jasho likimtoka, akasema, "Ngoja, ngoja, nilikuwa naijua hii." Na hilo ndilo lililomchekesha Adventina. Alicheka akiwa ameshika benchi la kazi. Shingo ilitikisika kidogo, maneno yakavutika kidogo, lakini magoti yakakaa. Kastori alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu akaketi juu ya lundo la mbao na kuanza kulia kwa kwikwi.

Harusi ilifanyika na mama mkwe akacheza kuliko wote. Siku chache kabla, Adventina alikuwa amemwendea mwenyewe, akamweleza habari ya kufuli, kwa Kirundi alichokuwa amekifanyia mazoezi na Urbano. Yule mama alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo nikikuona umeanguka, nijue umefurahi?" Adventina akasema ndiyo. "Basi ukianguka kwangu sitasikitika," akasema mama mkwe. Na kwenye mtungi wa harusi mrija wa Adventina ulikuwa mtungini pamoja na mirija ya wengine.

Mwalimu mkuu alimrudishia darasa lake. Hadi leo Adventina anafundisha huko Muyinga, na ana watoto wawili ambao wamerithi masikio ya Urbano. Dawa ikikosekana husafiri hadi Gitega kuitafuta, na zipo siku mbaya anaporudi mikono mitupu, na wiki nzima hutembea akishika kuta. Baada ya chakula cha mchana hutandika mkeka nyuma ya ofisi ya walimu, akalala kidogo. Watoto wa darasa la nne wanajua, maana hata habari za yule ng'ombe wa ndotoni amewasimulia. Hupita kwa kunyata, wakionyana kwa vidole midomoni, na mmoja wao husimama zamu kwenye kona kuwafukuza kuku.

"Mwalimu yuko wapi?" huuliza mgeni.

"Yuko na ng'ombe wake," hujibu watoto. "Atakuja sasa hivi."